Namna ya kuzuia data ya kampuni kuhamia simu za wafanyakazi

Mwakilishi wa mauzo anapoacha kazi, kampuni humdai vitu kadhaa siku ya mwisho. Hurejesha funguo za gari, kitambulisho, kipakatalishi na, iwapo alipewa, simu ya kazi. Karani hutia alama kwenye fomu, mkuu wa idara akatia sahihi, na kila mmoja akaamini kwamba hesabu imefungwa.

Jumatatu inayofuata mtu huyo anawasha simu mpya aliyoinunua kwa pesa zake. Anaingiza anwani yake ya kibinafsi ya barua pepe, na baada ya dakika chache nambari za wateja wote aliowahudumia kwa miaka sita zinajipanga mbele yake. Hakuiba chochote. Simu ya kazi ilikuwa ikizinakili nambari hizo kwenye akaunti yake mwenyewe tangu siku ya kwanza, bila yeye kuiamuru na bila mwajiri kujua.

Mwenendo huo huitwa usawazishaji. Vifaa viwili au zaidi vinavyotumia akaunti moja hupelekeana mabadiliko kila mara hadi yaliyomo katika kimoja yawe sawa na yaliyomo katika vingine. Barua pepe ikisomwa kwenye tarakilishi huonekana imesomwa kwenye simu; mkutano ukiahirishwa ofisini, kalenda iliyo mfukoni nayo hubadilika. Ni huduma yenye manufaa makubwa, na hakuna mfanyakazi wa leo ambaye angependa kuishi bila hiyo.

Tatizo ni kwamba usawazishaji hauulizi data ni ya nani. Waajiri wengi hutumia fedha nyingi kujikinga dhidi ya wadukuzi na wezi wa simu, ilhali sehemu kubwa ya data hutoka kwa njia halali kabisa, kwa kasi ya kawaida ya mtandao, mikononi mwa watu waaminifu. Na nakala ikishatoka, kuirejesha ni kazi ngumu. Kwa hiyo swali la msingi si namna ya kufuta data iliyokwisha kufika kwenye simu, bali ni nani huamua, kabla ya nakala ya kwanza kufanywa, kwamba simu hiyo inastahili kupewa kitu gani.

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu jepesi. Kampuni ya Research In Motion ya Canada ilipoanza kuuza vifaa vya BlackBerry mnamo 1999, mwajiri ndiye aliyenunua kifaa, ndiye aliyemiliki seva iliyopeleka barua pepe, na ndiye aliyeweka masharti. Msimamizi wa mfumo aliweza kuamuru nywila iwe na urefu gani, kamera izimwe, au kifaa kilichopotea kifutwe kutoka mbali. Mfanyakazi hakuwa na la kuchagua. Huduma za simu hizo za kale zilizimwa Januari 4, 2022, lakini kuna wasimamizi wa mifumo ambao wangali wanazitamani.

Mambo yalibadilika iPhone ilipoingia sokoni mwaka wa 2007. Julai 2008 Apple iliiwezesha simu hiyo kuunganishwa na seva za Exchange za Microsoft, ambazo kampuni nyingi duniani zilikuwa zikizitumia kwa barua pepe. Simu za Android zikafuata mkondo huo huo. Ghafla mtu yeyote aliyejua nywila yake ya ofisini aliweza kuketi nyumbani, akaandika anwani na nywila hiyo kwenye simu ambayo mwajiri hajawahi kuiona, na barua, kalenda na orodha ya anwani vikamiminika humo.

Hapa pana jambo ambalo wakurugenzi wengi hushangaa kulisikia. Katika mfumo wa Exchange, sanduku jipya la barua linapofunguliwa, ruhusa ya kulisawazisha na simu huwa tayari iko wazi. Hakuna anayeiomba wala anayeitoa. Asiyetaka simu zipate data hana budi kwenda kuifunga ruhusa hiyo kwa mkono wake.

Hata kampuni kubwa za teknolojia zilishikwa na butwaa. IBM, ambayo ilikuwa na wafanyakazi wapatao 400,000, iliwaruhusu wengi wao kutumia simu zao wenyewe kazini kuanzia 2010. Kufikia 2012 ilikuwa imepiga marufuku matumizi ya Dropbox, huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni, na kuzima iCloud kwenye simu zilizounganishwa na mitambo yake. Uchunguzi wa ndani ulikuwa umeonyesha kwamba wafanyakazi wengi hawakujua kabisa ni programu zipi zingeweza kuhatarisha siri za kampuni. Wengine walikuwa wakielekeza barua za kazi zijitume zenyewe kwenye anwani za kibinafsi, ili wazisome kwa urahisi.

Anayetaka kuziba njia hizo sharti kwanza azijue, na nyingi hazina uhusiano na barua pepe.

Iliyo pana kuliko zote ni orodha ya nambari za simu. Mtu anapohifadhi nambari mpya kwenye simu ya Android, huulizwa aiweke wapi: kwenye kadi ya simu, kwenye simu yenyewe au kwenye akaunti ya Google. Wengi hubonyeza jibu la kwanza wanaloliona na hawaulizwi tena. Ikiwa akaunti iliyomo ni ya mfanyakazi, basi daftari la wateja wa kampuni linaandikwa nyumbani kwake. Hata nambari zilizotoka kwenye seva ya ofisi, pindi zikichanganyika na za jamaa na marafiki, huweza kusomwa na programu yoyote ambayo mwenye simu aliiruhusu kuona anwani zake, iwe ya ujumbe, ya mchezo au ya mikopo.

Picha nazo zina safari yake. Muuguzi anayepiga picha ya kidonda ili kumwonyesha daktari, au afisa wa bima anayepiga picha ya gari lililogongwa pamoja na kitambulisho cha mwenyewe, huenda asijue kwamba picha hiyo imepanda iCloud au Google Photos kabla hajairudisha simu mfukoni. Kutoka huko huteremka kwenye tableti ambayo watoto huchezea sebuleni.

Kuna pia WhatsApp, ambayo katika ofisi nyingi za Kenya imekuwa ukumbi wa mikutano. Mazungumzo ya kundi la kazi, pamoja na ankara na orodha za bei zilizotumwa humo, huhifadhiwa katika nakala za akiba kwenye akaunti ya kila mwanakundi aliyewasha huduma hiyo. Tangu 2021 mtumiaji anaweza kuifunga nakala hiyo kwa usimbaji fiche, lakini sharti achague mwenyewe kufanya hivyo.

Na kuna njia ambayo haikumbukwi: gari. Simu ikiunganishwa na redio ya gari la kukodi kwa Bluetooth, na dereva akakubali ombi linalotokea kwenye kioo, gari hunakili majina, nambari na mara nyingi kumbukumbu za simu zilizopigwa. Gari hilo hurejeshwa kwa mwenyewe likiwa na mzigo huo, na dereva anayefuata huweza kuusoma akiwa kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa.

Nchini Kenya jambo hili halihusu siri za biashara peke yake. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, inamtwika mzigo yule anayeamua kwa nini na vipi data ya watu itumike. Mara nyingi huyo ndiye mwajiri, hata kama simu ni ya mfanyakazi. Data ya watu ikifikiwa na asiyeruhusiwa na pakawa na hatari ya kweli kwa wahusika, Kamishna wa Data hana budi kuarifiwa katika muda wa saa 72 tangu kampuni ilipojua. Wahusika nao sharti waambiwe kwa maandishi, isipokuwa pale ambapo data ilikuwa imelindwa ipasavyo, kwa mfano kwa kusimbwa. Faini inaweza kufika Sh5 milioni au, kwa kampuni, asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kiasi kipi ni kidogo.

Saa 72 si nyingi kwa kampuni isiyojua data yake imo ndani ya simu ngapi. Ofisi ambayo haiwezi kuhesabu simu zinazosawazishwa nayo haiwezi pia kumwambia Kamishna kilichopotea.

Kinga inayofaa huanzia kwenye seva. Kosa la kawaida ni kuanza kuhangaika na simu moja moja, kuwaamuru wafanyakazi wazime hiki na wafute kile. Maagizo hayo husahaulika wiki ya pili. Katika Exchange, msimamizi anaweza kuamuru kwamba simu yoyote ngeni inayobisha hodi iwekwe karantini: mwenye simu hupata ujumbe kwamba anasubiri idhini, na barua zake haziteremki hadi mtu mwenye mamlaka aikubali simu hiyo kwa jina. Huduma ya Google ya barua pepe za kampuni ina uwezo kama huo, ambapo kila simu huidhinishwa kabla ya kupata data ya kazi. Aidha, kujituma kwa barua kwenda anwani za nje kunaweza kuzimwa kwa kampuni nzima.

Hatua ya pili ni masharti ya kuingia. Microsoft ilianza mnamo Oktoba 2022 kuondoa katika huduma yake ya mtandaoni ule utaratibu wa kale ambapo simu ilituma jina na nywila tu kisha ikapokelewa. Sasa seva inaweza kuchunguza kwanza: je, simu hii imesajiliwa? Ina kufuli ya kioo? Hifadhi yake imesimbwa? Programu inayoomba barua ni ile iliyokubaliwa, au ni nyingine iliyopakuliwa juzi? Jibu moja likiwa baya, mlango haufunguki, hata kama nywila ni sahihi.

Baada ya hapo ndipo suala la simu yenyewe linapofuata, na hapa utengano ndio ufunguo. Tangu toleo la 5.0 la mwaka wa 2014, Android ina kitu kinachoitwa wasifu wa kazini. Ni mfano wa chumba cha ndani chenye mlango wake: programu za kazi huwa na alama ndogo ya mkoba, zina anwani zake na faili zake, na mwajiri anaweza kuamuru kwamba kitu kilichomo kisinakiliwe upande wa pili. Nambari za wateja hukaa humo bila kuonekana na programu za kibinafsi. Mfanyakazi naye anaweza kuuzima wasifu huo jioni, asisumbuliwe na mkubwa wake wakati wa chakula cha usiku. Hilo peke yake limewashawishi wengi ambao hoja za usalama hazikuwagusa.

Kwa iPhone hakuna chumba kinachoonekana kwa macho, lakini tangu 2013 mfumo wake huweza kutofautisha akaunti na programu zilizowekwa na mwajiri na zile za mwenye simu. Faili iliyofika kwa barua ya kazi inaweza kuzuiwa isifunguliwe katika programu ya kibinafsi, na programu za kazi zikakatazwa kuweka data yake iCloud. Akaunti ya kazi ikiondolewa, barua, kalenda na anwani zilizokuja nayo huondoka pamoja nayo.

Iwapo simu imenunuliwa na kampuni, inawezekana kwenda mbali zaidi na kumkataza mfanyakazi kuongeza akaunti yake binafsi. Ni sharti kali, lakini ndilo linaloziba kabisa ule mwanya wa nambari za wateja kuhifadhiwa kwenye akaunti ya mwakilishi wa mauzo. Mwajiri asiyetaka kufika huko hana budi kukubali kwamba orodha yake ya wateja ina wamiliki wawili.

Wafanyakazi wanaotumia simu zao wenyewe na wasiotaka mwajiri aziguse wana njia ya kati. Huduma kama Intune ya Microsoft huweza kulinda programu za kazi peke yake bila kuisajili simu nzima. Ndani ya programu hizo, maneno hayanakiliki kwenda WhatsApp, kiambatisho hakihifadhiki kwenye akaunti binafsi, wala anwani hazimwagiki kwenye daftari la simu. Programu hizo hupewa pia muda wa kukaa bila kuwasiliana na seva, kwa kawaida siku 90, na ukipita data ya kazi iliyomo hujifuta.

Kuna kazi nyingine ambazo hazihitaji nakala kamwe. Ripoti ya bodi inaweza kusomwa kupitia kivinjari bila kuruhusiwa kupakuliwa. Mara nyingi dawa bora zaidi haina teknolojia yoyote: mwakilishi wa mauzo wa Nakuru hahitaji orodha ya wateja wa Kisumu na Malindi, na asipopewa haiwezi kumponyoka. Kampuni nyingi hununua mitambo ya kulinda folda ambayo haikupasa kufunguliwa kwa nusu ya watu wanaoiona. Hata hivyo, hakuna mtambo unaoweza kumzuia mtu kupiga picha kioo cha simu moja kwa kutumia simu nyingine, na muuzaji yeyote anayedai vinginevyo anafaa kusindikizwa hadi mlangoni.

Biashara ndogo zina shida ya aina yake. Katika maduka na ofisi nyingi, anwani moja ya bure ya barua pepe hutumiwa na watu watano, nywila ikiwa imeandikwa ukutani. Mmoja akiondoka, hakuna anayeibadilisha. Huko usajili wa simu ni ndoto ya mbali, lakini si kwamba hakuna la kufanya. Akaunti ya Google ina ukurasa unaoorodhesha vifaa vyote vilivyoingia, na mwenye akaunti anaweza kukitoa chochote asichokitambua. Kila mtu apewe anwani yake, ili ya anayeondoka ifungwe bila kuwasumbua waliobaki. Vifurushi vya bei ya chini vya Microsoft 365 na Google Workspace huja na udhibiti wa msingi wa simu ambao wanunuzi wengi hawajawahi kuufungua.

Kufuta simu kutoka mbali, ambako wengi hukutegemea, kuna kasoro mbili. Kwanza, amri hufika tu simu inapounganika na mtandao. Aliyeiba simu na kuizima, au aliyeiweka katika hali ya ndege, huinunulia data hiyo muda. Pili, amri ya aina ya kale haibagui. Huirudisha simu ilivyotoka kiwandani, pamoja na picha za harusi na sauti ya mzazi aliyefariki.

Jimboni Texas, Marekani, mfanyakazi mmoja wa kampuni ya ujenzi wa nyumba aliyekuwa akitumia iPhone yake mwenyewe kwa kazi alifutiwa kila kitu baada ya kutoa taarifa kwamba anaondoka. Alikwenda katika mahakama ya shirikisho akidai kupoteza nambari za kazi na za familia pamoja na picha. Novemba 2014 mahakama iliyatupa madai yake yaliyoegemea sheria za nchi hiyo kuhusu mawasiliano yaliyohifadhiwa na udukuzi. Kampuni haikushindwa, lakini picha hazikurudi, na haielekei kwamba waliobaki kazini waliharakisha kuunganisha simu zao na seva ya ofisi.

Kwa sababu hiyo ufutaji unaofaa simu ya mfanyakazi ni ule unaogusa sehemu ya kazi pekee, na huo hauwezekani ila utengano uliotajwa ulifanywa mapema. Inafaa pia mfanyakazi aelezwe kwa maandishi, kabla hajaunganisha simu yake, ni nini mwajiri ataweza kukiona na kukifuta. Katika wasifu wa kazini mwajiri haoni picha wala ujumbe wa kibinafsi. Katika simu ya kampuni inayosimamiwa yote, anaweza kuona orodha ya programu zilizomo. Asiyekubali masharti apewe njia nyingine ya kufanya kazi. Kumlazimisha mtu huleta simu ya pili ya siri, na huko ndiko data huenda isikoonekana.

Mpangilio wa siku ya mwisho nao una uzito. Akaunti hufungwa kwenye seva kwanza, kisha vifaa vyote vilivyoingia hutolewa, halafu ndipo amri ya kufuta sehemu ya kazi hutumwa, mhusika akiwa bado yuko ofisini na simu ikiwa imewashwa. Kampuni zinazoanza na barua ya kumwachisha kazi, kisha zikamtafuta msimamizi wa mfumo baada ya chakula cha mchana, huwa zimempa mtu aliyekasirika saa tatu za usawazishaji.

Simu ya kampuni haipokewi kabla mfanyakazi hajaondoa akaunti zake binafsi mbele ya anayeipokea. iPhone iliyofungwa kwa akaunti binafsi ya mtu aliyekwisha ondoka haiwashiki kwa matumizi mapya bila nywila yake, hata ikifutwa, na simu nyingi za namna hiyo zimelala katika droo za maofisi, betri zikivimba.